Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: mwongozo kamili kwa anayeondokea Uganda

Uganda haina bahari. Kwa anayeishi Kampala, Jinja au Mbarara, likizo ya meli huanza na ndege kutoka Entebbe. Kabla ya ndege kuna viza, na kabla ya viza kuna hesabu ya pesa. Ukishapanda melini mambo ni mepesi: chumba kipo, chakula kipo, mabaharia wanaijua kazi yao. Wanaokwama hukwama kwenye kaunta ya gatini, masanduku mkononi na nauli imeshaliwa, kwa sababu ya karatasi moja tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya nchi kavu.

Chagua bandari kwanza, meli baadaye

Matangazo hukuonyesha mabwawa na taa za meli. Wewe anza kwa kuuliza: meli inaondokea wapi, inapita nchi zipi, na inarudi wapi? Kwa anayetokea Entebbe, njia tatu zinafikika bila kuzunguka dunia nzima.

Ya kwanza ni Ghuba. Meli huondokea Dubai au Abu Dhabi, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Machi hivi, kisha joto likizidi huhamia Ulaya. Ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe huchukua saa tano hivi. Kabla ya kulipa, fuatilia hali ya usalama ya eneo hilo, maana kampuni za meli hubadili njia mambo yakichafuka. Tangu mwishoni mwa 2023 nyingi zimeikwepa Bahari ya Shamu.

Ya pili ni Durban, Afrika Kusini, katika miezi hiyohiyo ya kiangazi cha kusini. Hapa kuna safari fupi za usiku tatu au nne kwenda pwani ya Msumbiji, kama Pomene na Kisiwa cha Wareno. Ni njia nzuri ya kujaribu bila kutumia akiba yote. Ila jua kwamba huko abiria huteremshwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakipanda mteremko huo hufutwa. Usilipie safari hiyo kwa sababu ya ufukwe peke yake.

Ya tatu ni Mediterania: Barcelona, Genoa, Civitavecchia, Marseille au Piraeus. Safari ya kawaida ni usiku saba na karibu kila siku kuna bandari mpya. Ndiyo yenye raha nyingi, na ndiyo yenye masharti mengi.

Kama hujawahi kulala wala kukaa muda mrefu juu ya maji, jipime kwanza kwa gharama ndogo. Panda feri ya kwenda visiwa vya Ssese, au ukiwa Tanzania vuka kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar siku yenye upepo. Matembezi ya boti ya saa mbili katika mfereji wa Kazinga ni mazuri kwa kutazama viboko, lakini maji yake yametulia mno kukupa jibu.

Karatasi: hapa ndipo safari inapofia

Sheria ya msingi ni hii: kampuni ya meli hukagua viza ya kila nchi ambayo meli itatia nanga, hata kama huna nia ya kushuka. Ikikosekana moja, hupandi, na nauli hairudi. Usimtegemee rafiki aliyesafiri kwa pasipoti ya Uingereza kukwambia kinachotakiwa. Uliza kwa kutaja pasipoti ya Uganda, nchi moja baada ya nyingine, na upate jibu kwa maandishi.

Mtego mkubwa zaidi ni idadi ya kuingia. Meli ikitoka Dubai ikaenda Doha kisha ikarudi Dubai, umeingia Falme za Kiarabu mara mbili. Ikitoka Durban kwenda Msumbiji na kurudi, umeingia Afrika Kusini mara mbili. Ikitoka Italia ikapita Tunisia au Uturuki kabla ya kurudi, umetoka Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja huishia pale meli inapoondoka. Omba viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na katika barua yako ya maombi eleza wazi kwamba ni safari ya meli, ukiambatisha ratiba yenye tarehe na bandari zote. Viza ikitoka, isome hapohapo dirishani: jina, tarehe, idadi ya kuingia. Kosa hurekebishwa kirahisi siku hiyo kuliko wiki ya safari.

Kwa Schengen, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Kwa hiyo hesabu bandari zako. Safari inayoanzia Barcelona lakini inagusa Genoa, Civitavecchia na Palermo huenda ikawa ya Italia. Tena si kila nchi ya Schengen inapokea maombi Kampala. Nyingine zinapitia Nairobi, nawe uweke gharama hiyo kwenye bajeti.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 baada ya siku ya kurudi na kurasa tupu za kutosha. Ya kawaida hugharimu shilingi 250,000. Jina kwenye tiketi ya meli, tiketi ya ndege na viza lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu na tunayapanga tunavyotaka. Wakala akiandika jina la utani au la ubatizo ambalo halimo kwenye pasipoti, mfumo utakukataa.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikose. Uganda ni nchi yenye ugonjwa huo, na Afrika Kusini huidai kadi mlangoni. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kudungwa wiki ya safari hakusaidii. Dozi moja inatosha maisha yote: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani halidai kuirudia kila miaka 10, na kadi ya zamani bado ni halali.

Mtoto asafiri na cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hayupo, barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6. Mama mjamzito hakubaliwi kama atafikisha wiki ya 24 kabla ya safari kwisha, na hata kabla ya hapo ataombwa barua ya daktari.

Kalenda ya malipo dhidi ya kalenda ya viza

Ukilipa rubuni unashikiwa chumba. Salio hudaiwa kiasi cha siku 90 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo ukijitoa unapoteza sehemu inayokua kadiri siku zinavyokaribia. Sasa pima: mtu anayeomba viza miezi miwili kabla ya safari anakuwa ameshalipa meli yote kabla hajajua kama ubalozi utamkubali.

Dawa yake ni kupanga tarehe kinyumenyume. Weka nafasi miezi 8 au 9 kabla, ukichagua nauli ambayo rubuni yake inarudishwa, hata kama ni ghali kidogo. Miezi 6 kabla, peleka maombi ya viza; uthibitisho wa meli utatumika kama ushahidi wa malazi. Ubalozi una siku 15 za kawaida na unaweza kufika 45, hivyo jibu litakujia kabla salio halijadaiwa. Kwa ndege tumia nafasi iliyoshikwa tu, ununue tiketi viza ikishatoka. Utaratibu huu unaokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote la wakala.

Chumba

Bei hutangazwa kwa kila mtu, kwa makisio kwamba mko wawili. Ukiwa peke yako utalipa karibu maradufu, kwa hiyo mtafute mwenzako mnayeelewana.

Chumba cha ndani hakina dirisha na ndicho cha bei ya chini. Ni giza totoro, na wanaolala sana wanakipenda. Chenye dirisha kinakupa mwanga. Chenye roshani kina thamani kwenye safari yenye siku nyingi za baharini, lakini kama kila siku uko nchi kavu, pesa ya roshani itumie kwa matembezi. Jambo la kuzingatia zaidi ni mahali. Sitaha za chini, katikati ya meli, ndipo mtikisiko ulipo mdogo. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, hupanda na kushuka. Angalia pia kilicho juu na chini yako kwenye ramani ya meli: chini ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri, na juu ya ukumbi wa muziki hulali hadi usiku wa manane. Ukinunua nauli ambayo kampuni inakuchagulia chumba, unaachia haki hiyo yote.

Hesabu kamili

Nauli hulipia chumba, mlo wa mkahawa mkuu na wa kujihudumia, maonyesho, mabwawa na ukumbi wa mazoezi. Hailipii pombe, soda na mara nyingi hata maji ya chupa, mikahawa maalumu, intaneti, matembezi, dobi wala daktari.

Bakshishi hukatwa kila siku kwa kila mtu, watoto wakiwemo kwenye meli nyingi. Kadiria dola 14 hadi 20.

Tuchukue mfano wa watu wawili, usiku saba Mediterania, chumba cha ndani. Nauli dola 650 kila mmoja, jumla 1,300. Bakshishi kwa dola 14 ni 196. Intaneti ya simu moja kwa dola 15 kwa siku ni 105. Matembezi matatu ya dola 60 kila mmoja ni 360. Vinywaji, dola 10 kwa siku kila mmoja, ni 140. Bima 100, viza na ada ya kituo cha kupokea maombi 250, hoteli ya usiku mmoja 120, usafiri wa uwanja hadi bandarini 80. Jumla ni dola 2,651, na ndege bado. Nauli iliyotangazwa haikufika hata nusu. Weka bei zako halisi kwenye mistari hiyohiyo, kisha ongeza akiba ya dola 200.

Melini hakuna MTN MoMo wala Airtel Money. Matumizi yote huandikwa kwenye kadi ya chumba, nayo hufungwa kwenye kadi yako ya benki au kwenye pesa taslimu unayoweka mapokezi. Ukitumia kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, meli hushikilia kiasi kila siku, na kiasi hicho huweza kubaki kimefungwa siku kadhaa baada ya kurudi. Mtu mwenye dola 500 kwenye akaunti hujikuta hawezi kulipa teksi ingawa hajatumia 200. Ni salama zaidi kuweka taslimu mapokezi na kuiacha kadi kwa dharura. Iarifu benki yako nchi utakazopita, na beba dola za noti ndogo, mpya, zisizochanika.

Mizigo na dawa

Soketi za Uganda ni za pini tatu za mstatili. Meli nyingi zina soketi za Marekani na za Ulaya, kwa hiyo bila adapta simu yako itazimika siku ya kwanza. Usibebe pasi, birika la umeme, jiko la koili, mshumaa wala ubani wa kuchoma. Hutwaliwa kwa hofu ya moto. Kisu vilevile.

Kwa usiku wa mavazi rasmi huna haja ya kununua suti. Gomesi, au kanzu na koti, ni vazi rasmi kamili na linapendeza kuliko mengi utakayoyaona humo.

Dawa zikae kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Ukipitia Dubai, dawa za maumivu kama tramadol na codeine zina masharti makali; usizibebe bila kibali. Mairungi yasiingie kabisa kwenye begi lako. Vyakula vibichi, nyama na matunda hukamatwa na forodha. Karanga zilizofungwa kiwandani kwa kawaida hupita.

Liko jambo moja ambalo miongozo ya Ulaya hailiandiki. Ukipata homa melini, mwambie daktari mara moja kwamba unatoka nchi yenye malaria na utaje tarehe uliyoondoka. Vimelea vinaweza kuwa mwilini kabla hujapanda ndege, na daktari asiyeishi na malaria anaweza kudhani ni mafua. Beba dozi kamili ya dawa ya malaria, artemether-lumefantrine, na, ukiweza, kipimo cha haraka. Kuchelewa siku mbili kwa malaria kali ni hatari ya kifo. Matibabu ya melini ni ghali na hulipwa papo hapo, kwa hiyo hakikisha bima yako inataja safari ya meli na kuhamishwa kwa dharura.

Siku ya kupanda

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa.

Jisajili kwenye tovuti ya kampuni mapema, chapisha hati ya kupandia na vitambulisho vya mizigo, uvifunge imara. Gatini wachukuzi hupokea masanduku makubwa, nayo hufika mlangoni pako mchana au hata usiku. Mkoba wa mkononi uwe na pasipoti, dawa, chaja, nguo ya kuogelea na shati la jioni. Kwenye baadhi ya safari meli huchukua pasipoti na kuitunza. Piga picha ukurasa wa jina na kila viza kabla ya kuikabidhi.

Weka simu kwenye hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga. Mtandao wa simu wa baharini hutoza bei ya kutisha hata kwa ujumbe unaojituma wenyewe. WhatsApp utaipata kwa kununua intaneti ya meli, na mara nyingi ni nafuu ukiinunua kabla ya safari.

Zoezi la usalama

Ulifuate kwa moyo wote. Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama Ziwa Viktoria upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Abiria waliopanda siku hiyohiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilibadilishwa, na sasa zoezi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Ishara ni milio mifupi saba ikifuatiwa na mmoja mrefu. Kituo chako cha kukusanyika kimeandikwa kwenye kadi ya chumba. Tembea kutoka chumbani hadi hapo kwa ngazi, bila lifti, na uhesabu milango. Jua jaketi za kujiokolea ziko wapi, na za watoto uombe mapema.

Mawimbi na tumbo

Dawa ya kulewa mawimbi humezwa kabla ya kulewa. Cinnarizine hupatikana kwenye famasia za Kampala. Muulize mfamasia, hasa kama una dawa nyingine au utaendesha gari. Ukianza kuhisi vibaya, toka nje, tazama upeo wa macho, tafuna tangawizi na biskuti kavu. Kujifungia chumbani ukisoma simu huzidisha.

Ugonjwa unaosambaa zaidi melini ni wa kuhara na kutapika, na virusi vyake haviogopi sana dawa ya mikono yenye spiriti. Nawa kwa sabuni na maji sekunde 20 kabla ya kila mlo.

Chakula halali, au kisicho na karanga, kiombwe wakati wa kuweka nafasi, kisha ukumbushe msimamizi wa mkahawa jioni ya kwanza. Kwenye meza ya kujihudumia usikisie. Uliza nyama ni ya nini na imepikwa na nini.

Bandarini

Ratiba huandikwa kwa saa 24. Ikisema 17:30, ni saa kumi na moja na nusu jioni, na hiyo mara nyingi ndiyo saa ya mwisho ya kuwa ndani. Fuata saa ya meli, si ya simu, kwa kuwa simu iliyo kwenye hali ya ndege huenda bado inasoma saa ya Kampala.

Matembezi yaliyouzwa na meli ni ghali, lakini yakichelewa meli huyasubiri. Ukienda mwenyewe na ukachelewa, inakuacha, nawe utajilipia hadi bandari inayofuata, kama viza inakuruhusu kusafiri kwa njia hiyo. Kwa hiyo pima umbali. Civitavecchia si Roma. Kuna kilomita 80 hivi na treni huchukua karibu saa nzima. Livorno na Florence vilevile. Siku kama hizo lipia matembezi ya meli. Palermo au Barcelona, ambako mji uko karibu na gati, tembea kwa miguu na urudi saa moja na nusu kabla.

Kushuka

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya saa sita usiku. Bakiza nguo za asubuhi, viatu na dawa. Kila safari wapo wanaofungasha kila kitu na kubaki na nguo za kulalia. Usiku huohuo pitia hesabu yako mstari kwa mstari, maana kosa la bili hurekebishwa mapokezi, na asubuhi foleni ni ndefu.

Chumba hukabidhiwa saa mbili asubuhi hivi. Usinunue ndege inayoondoka kabla ya saa saba mchana, na kwa Civitavecchia isogeze zaidi, kwani uwanja wa Fiumicino uko mbali. Kama uliweka taslimu mapokezi, dai salio lako na risiti kabla ya kushuka. Ukifika Entebbe kadi ya manjano itahitajika tena, kwa hiyo isiwe kwenye sanduku.